Sista ni wa Wagonjwa Wote: Wito kwa Ndugu Zetu wa Pinetown

Tuanze na jambo ambalo karibu kila nyumba inalijua. Mama amejifungua salama. Muuguzi amekesha naye, amemshika mkono, amempokea mtoto. Kesho yake baba anafika wodini na mfuko: kuku wa kukaanga, doti ya kitenge, na noti mbili zilizokunjwa ndani ya bahasha. "Sista, pokea, ni asante tu." Sista afanye nini?

Akikataa, tutasema anaringa. Akipokea, mama wa kitanda cha jirani anaona. Mumewe hana kazi, wala bahasha hana. Je, usiku wa leo akiita, ataitikiwa?

Tunawaandikia nyinyi mnaozungumza Kiswahili mlioko Pinetown, Clermont, KwaDabeka, Mariannhill na kote Durban. Mmetoka Uvira na Bukavu, Bujumbura, Kigoma, Mombasa na Unguja. Tunawaandikia pia mliobaki nyumbani, maana mambo haya ni yale yale. Kati ya muuguzi na mgonjwa kuna mpaka. Ukivukwa, mgonjwa huumia, na muuguzi anaweza kupoteza kazi na jina lake. Kuulinda mpaka huo ni kazi yetu sote, wala tusimwachie sista peke yake.

Tukirudi kwa baba mwenye mfuko: nia yake ni njema, hakuna anayebisha. Ila Kanuni za Utumishi wa Umma za Afrika Kusini za mwaka 2016 zinamkataza mtumishi kuomba au kupokea malipo ya pembeni kwa kazi ambayo tayari analipwa mshahara. Baba huyo anaweza kufanya jambo jingine lenye uzito zaidi. Vituo vya afya vya serikali vina sanduku la malalamiko, pongezi na maoni. Pongezi nazo zimo. Andika jina la muuguzi, tarehe na wodi, kisha useme alichokufanyia. Karatasi hiyo humfikia msimamizi wake. Kitenge kinaweza kumletea maswali, lakini karatasi yako inaweza kumtetea siku atakaposingiziwa.

Je, umewahi kuandika pongezi kama hiyo? Wengi wetu hatujawahi. Tuanze.

Watu wakisikia kwamba muuguzi ameitwa mbele ya Baraza la Uuguzi, chombo kinachosajili wauguzi, humfikiria mtu katili, mwizi wa dawa au mlevi. Wa namna hiyo wapo, tena wakatili wanastahili kuitwa. Lakini njia ya kufika huko mara nyingi huanza na wema. Sista anampa mgonjwa namba yake ya simu kwa sababu amemwonea huruma. Mgonjwa anaanza kupiga saa nne usiku. Baadaye anaomba mkopo mdogo, au yeye ndiye anayemkopesha sista. Sista naye anauza mafuta ya nywele na vitambaa kama watu wengine wanavyotafuta riziki, na mgonjwa anaona aibu kukataa kununua. Mwezi wa tatu, hakuna kati yao anayejua kama wao ni marafiki, ni mteja na mchuuzi, au ni mgonjwa na muuguzi.

Wazee wetu walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ni kweli, na ndiyo sababu jambo hili ni gumu kwetu. Hakuna dhiki inayozidi ya kulala kitandani hujiwezi, mtu mwingine akikuogesha na kukuvalisha. Moyo unamshika anayekutendea hayo. Lakini hapo mgonjwa hana nguvu sawa na muuguzi. Muuguzi anajua ugonjwa wake, ameuona mwili wake, ameshika faili lake na funguo za kabati la dawa. Mwenye nguvu zaidi ndiye anayepaswa kushikilia mpaka. Ndiyo maana, kwa maadili ya kazi hii, mapenzi kati ya muuguzi na mgonjwa anayemhudumia ni kosa, hata mgonjwa akisema amekubali. Kijana, ukimpenda sista aliyekuuguza, mheshimu. Usimtumie ujumbe wa mahaba akiwa zamu. Na wewe sista, ukiona moyo unaelekea huko, mwombe msimamizi mgonjwa huyo ahudumiwe na mwenzako. Hakuna fedheha katika kuomba hivyo.

Tuje Pinetown yenyewe. Mji huu, uliopewa jina la gavana wa Natal, Benjamin Pine, umejaa viwanda, maghala na vituo vya teksi, na wengi wetu tumekuja huku kufuata kazi hizo. Kwenye kliniki foleni huanza kabla jua halijachomoza. Lugha ni Kizulu na Kiingereza. Mama aliyefika miezi michache iliyopita kutoka Kivu Kusini hajui hata moja vizuri. Basi siku anaposikia nyuma ya dirisha sauti inasema "pole, mama," machozi yanamlengalenga. Amepata wa kwao!

Furaha hiyo tunaijua. Lakini kesho yake sista huyo anasubiriwa getini na watu wanne. Mmoja anataka apitishwe mbele. Mwingine anataka vidonge bila kadi. Wa tatu ana binamu kule Hammarsdale anayehitaji barua ya mapumziko. Wa nne anauliza kwa sauti ya chini: yule kijana anayetaka kumwoa binti yetu, alikuja hapa juzi, majibu yake yalikuwaje?

Ndugu zangu, tunamweka mwenzetu mahali pabaya sana. Kuna bibi wa Kizulu aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri, na miguu imemvimba. Sista akimpitisha mtu wa kwao mbele ya bibi huyo, amevunja sheria ya kazi, na ametuchongea sote. Katikati ya mwaka 2025, hapa Durban, makundi ya waandamanaji yalisimama kwenye malango ya vituo vya afya, Hospitali ya Addington ikiwemo, yakidai vitambulisho kwa kila aliyetaka kuingia. Wakati huo wauguzi waliohudumia kila mgonjwa kwa zamu yake walikuwa ngao yetu. Katiba ya nchi hii, kifungu cha 27, inasema kila mtu ana haki ya kupata huduma za afya, na hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 nayo, ilipotungwa, ilimpa mkimbizi haki ya huduma za msingi za afya sawa na mwenyeji. Haki hizo tunazidai kwa kusimama kwenye foleni kama wengine. Tukianza kupitia mlango wa nyuma, tutawajibu nini wanaosema kwamba tunakula nafasi za wenyeji?

Na lile swali la mchumba? Sheria ya Taifa ya Afya ya mwaka 2003 inasema taarifa za mgonjwa ni siri. Jimbo la KwaZulu-Natal limebeba mzigo mkubwa kabisa wa virusi vya ukimwi katika nchi hii, na watu wamefika kwenye dawa kwa sababu waliamini kwamba wanachokisema chumbani kitabaki chumbani. Sista mmoja akimnong'oneza shangazi mmoja, vijana kumi wataacha kwenda kuchukua vidonge. Mnataka kujua hali ya mchumba? Mwambieni binti na kijana waende kupima pamoja, wasomewe majibu pamoja. Njia hiyo ni halali, na inajenga ndoa kuliko umbea.

Tukiwa hapo hapo kwenye lugha, tuna ombi kwa wazazi. Tumewageuza watoto wetu kuwa wakalimani. Mtoto wa miaka kumi, kwa kuwa shuleni amekijua Kizulu upesi, anaingia na mama chumbani na kumtafsiria habari za hedhi, za kipigo, za mimba iliyoharibika. Mtoto anabeba asichoweza kukibeba, na mama anaficha nusu ya ugonjwa wake kwa aibu. Muuguzi ana haki ya kusema, "Mama, rudi na mtu mzima." Akisema hivyo tusimwone mkali. Anamlinda mtoto wetu.

Kuna jambo jingine linalotugusa zaidi, nalo tulizungumze polepole. Miongoni mwetu wapo wauguzi waliosomea Kongo, Burundi au Tanzania na ambao hapa wanalinda maduka, wanasuka nywele, au wanatunza wazee majumbani. Ni watu wenye ujuzi. Kutambuliwa na Baraza la Uuguzi la Afrika Kusini kunahitaji vyeti vihakikiwe kutoka shule waliyosomea, na wengi hukwama hapo, maana shule na makabrasha yake yalibaki nyuma ya vita. Inauma.

Sasa jirani anaumwa, hataki foleni, anabisha mlangoni kwa mama huyu na chupa ya dawa mkononi. "Mama, nichome tu, wewe si ulikuwa nesi?" Mama anaona vibaya kukataa. Anachoma. Siku mgonjwa akizidiwa, hakuna faili, hakuna daktari, hakuna dawa ya kuzuia mzio. Na kwa sheria ya nchi hii, Sheria ya Uuguzi namba 33 ya mwaka 2005, kufanya kazi ya uuguzi bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Mama aliyetaka kusaidia ataulizwa na polisi, na ile ndoto yake ya kusajiliwa siku moja inaweza kufa hapo hapo.

Kwa hiyo tunakuomba wewe jirani, usimwombe mwenzako akuchome sindano sebuleni. Ujuzi wake autumie kwa njia nyingine: akusindikize kliniki, akueleze unavyopaswa kumeza dawa ulizoandikiwa, akukumbushe tarehe ya chanjo ya mtoto. Na nyinyi viongozi wa misikiti, makanisa na vyama vyetu, mnaweza kuwasaidia wauguzi hawa kufuatilia vyeti vyao? Barua moja kutoka kwa mkuu wa shule ya uuguzi kule Bukavu inaweza kubadilisha maisha ya familia nzima hapa.

Usajili huu tunaoudai una historia ndefu katika ardhi hii. Koloni la Rasi lilipitisha sheria mwaka 1891 iliyowatambua wauguzi na wakunga kwa kuwaandika kwenye rejista ya serikali, ya kwanza duniani, na mtawa wa Kianglikana wa Kimberley, Henrietta Stockdale, ndiye aliyeipigania. Tarehe 7 Januari 1908 aliandikishwa Cecilia Makiwane, aliyesomea Lovedale, Mwafrika wa kwanza nchini kuwa muuguzi aliyesajiliwa. Hapa Durban, hospitali iliyoanzishwa na Dokta James McCord mwaka 1909 iliwafundisha mabinti wa Kizulu uuguzi kwa vizazi vingi. Baraza lenyewe liliundwa kwa sheria ya mwaka 1944.

Historia hiyo ina doa, na tulitaje. Sheria ya mwaka 1957 iliwatenga wauguzi kwa rangi ya ngozi, ikawanyima wauguzi Waafrika nafasi katika Baraza lililowahukumu. Walipinga. Mwaka 1958 wauguzi waliandamana Baragwanath, Johannesburg, kwa sababu ya namba za vitambulisho ambazo zingewalazimisha wanawake kubeba pasi. Kwa hiyo muuguzi anayevaa beji yake leo pale Pinetown amevaa kitu ambacho wanawake waliomtangulia walikigharimia. Tunapomjaribu kwa noti ya chai, tukumbuke hilo.

Nini basi hutokea mpaka ukivukwa? Watu wengi wanachanganya, na kuchanganya huko kunawafanya wakate tamaa mapema. Muuguzi aliyekosea anaweza kupita milango mitatu. Mwajiri wake ana nidhamu yake: onyo la mdomo, onyo la maandishi, onyo la mwisho, hata kufukuzwa kazi, na katika utumishi wa umma hatua hizo zimewekwa katika makubaliano ya mwaka 2003 kati ya serikali na vyama vya wafanyakazi. Kama kuna jinai, kama wizi au shambulio la mwili, polisi na mahakama wana kazi yao. Mlango wa tatu ni Baraza la Uuguzi, lenye makao yake Pretoria. Baraza halimlipi muuguzi mshahara, wala halimfungi. Linashika jina lake. Linaweza kumpa karipio, kumtoza faini, kumsimamisha kwa muda au kumfuta kabisa kwenye rejista, na aliyefutwa hawezi kufanya kazi ya uuguzi katika hospitali yoyote nchini.

Malalamiko yakifika, kamati ya uchunguzi wa awali huyatazama kwanza. Muuguzi huandikiwa na kutakiwa kujieleza. Yakionekana yana msingi, huenda mbele ya kamati ya mwenendo wa kikazi, ambako ushahidi husikilizwa, na muuguzi ana haki ya kuwakilishwa na kukata rufaa. Kanuni zinazoeleza makosa yenyewe zilitolewa mwaka 2014, na Baraza lilitoa mwongozo wa maadili mwaka 2013. Huchukua muda. Wapo wanaolalamika kwamba ni mrefu mno, nasi tunaona wana hoja. Lakini kumfuta mtu jina alilolisomea miaka mingi bila kumsikiliza kungekuwa dhuluma nyingine.

Kuna sehemu ya Sheria ya Uuguzi ambayo watu wachache wanaijua, nayo imejaa huruma. Muuguzi akishindwa kazi kwa sababu ya ugonjwa wa akili, pombe au dawa za kulevya, Baraza lina kamati ya kuangalia hali hiyo. Lengo ni atibiwe, asimamiwe, na akipona arudi kazini. Wauguzi wako karibu na dawa kali za maumivu kila siku, usingizi ni mchache, na vifo wanavyoviona ni vingi. Mmoja akiteleza, inashangaza?

Basi wewe muuguzi mwenzake, unayeona ampuli hazilingani na daftari, unayeona mwenzako anasinzia kwenye kiti mchana au anatetemeka mikono, usimfichie. Tunajua unamwonea huruma. Ana watoto. Ukinyamaza, siku moja atampa mgonjwa dozi isiyo sahihi, na hapo kamati ya huruma haitamfaa tena. Zungumza naye, kisha zungumza na msimamizi. Kumpeleka mapema ndiko kumpenda.

Na uchovu wenyewe unatoka wapi? Wauguzi wengi wa hospitali za serikali hufanya kazi za pembeni siku za mapumziko kupitia mawakala wa hospitali binafsi. Anatoka zamu ya usiku, anapanda teksi, anaanza nyingine. Mtumishi wa umma anatakiwa kuomba ruhusa kabla ya kufanya kazi hiyo, na asiyeomba yuko kwenye hatari ya nidhamu hata kama hajamkosea mgonjwa yeyote. Lakini nani anamsukuma? Hapa tuseme na familia zao. Ada ya mpwa, paa la nyumba ya kijijini, harusi ya binamu, vyote vinamsubiri yeye, kwa kuwa "yeye ni nesi, ana mshahara." Kaka, shangazi, hebu mketi kikao kimoja mjiulize: tunamwachia usiku mmoja wa kulala kwa wiki? Kama jibu ni hapana, punguzeni orodha. Anashika maisha ya watu kwa mikono hiyo.

Mume wa muuguzi, wewe pia una sehemu yako. Akirudi nyumbani na uso mzito, usimchimbe akuambie aliyemwona na alichougua. Mpe chai, mwache anyamaze. Na picha za wodini zisiingie kwenye kundi la familia la WhatsApp, hata kama uso wa mgonjwa hauonekani. Kitanda, mkono wenye kovu, nguo, vyote vinaweza kumtambulisha mtu.

Tusije tukadhani mpaka huvukwa kwa ukaribu tu. Huvukwa pia kwa ubaridi. Bungoma, magharibi mwa Kenya, mwezi Agosti 2013, mama mmoja alijifungua sakafuni kwenye korido ya hospitali ya wilaya, na badala ya kusaidiwa akatukanwa na kupigwa makofi. Mtu aliyekuwepo alirekodi. Mama akaenda mahakamani, na mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba utu wake ulikuwa umevunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi. Mahakama ilitazama pia wajibu wa serikali zilizopaswa kuweka vifaa na watu wa kutosha. Tunaipenda hukumu hiyo kwa sababu haikuwatwika wauguzi peke yao mzigo wote. Wodi yenye vitanda vichache na wakunga wachache huzaa hasira, na hasira humwangukia aliye dhaifu kuliko wote. Lakini kofi kwa mama anayejifungua halina udhuru, na wauguzi wenyewe ndio wa kwanza kusema hivyo.

Je, likikupata jambo kama hilo hapa Pinetown, utafanya nini?

Wengi wetu hunyamaza. Tunaogopa kwamba karatasi zetu za ukimbizi zitaulizwa, au kwamba safari nyingine tutahudumiwa vibaya. Woga huo tunauelewa. Hata hivyo, kusema kuna maana hata sauti ikichelewa kusikilizwa. Mwaka 2016 wagonjwa wa akili wa jimbo la Gauteng walihamishwa kutoka vituo vya Life Esidimeni kwenda kwenye mashirika yasiyokuwa na uwezo wa kuwatunza. Familia zilikuwa zimeonya mapema. Hazikusikilizwa, na watu 144 wakafa. Uchunguzi wa Profesa Malegapuru Makgoba, Mchunguzi wa Afya wa kwanza nchini, ulitolewa Februari 2017, na sauti za familia hizo zimo ndani yake. Ofisi ya Mchunguzi huyo ipo mpaka leo na inapokea malalamiko ya mtu yeyote.

Anza karibu. Mwone msimamizi wa wodi au wa kliniki siku hiyo hiyo, kwa adabu, bila kupiga kelele. Asiposikia, jaza fomu ya malalamiko. Mwongozo wa wizara unavitaka vituo vimalize lalamiko ndani ya siku 25 za kazi. Andika tarehe, saa, wodi na maneno yaliyosemwa, wakati kumbukumbu bado mbichi. Jina la muuguzi limo kwenye beji yake, na kwenye tovuti ya Baraza mtu yeyote anaweza kuangalia kama amesajiliwa na kama cheti chake cha mwaka kiko hai, maana hutakiwa kukilipia upya kabla ya kila tarehe 31 Desemba.

Ikiwa ni kosa zito la muuguzi mwenyewe, liandikie Baraza kwa hati ya kiapo. Kuapa kituo cha polisi hakulipiwi. Eleza uliyoyaona wewe, usichanganye na uliyoyasikia kwa jirani. Kama tatizo ni la daktari, madaktari wana baraza lao jingine. Kama ni dawa zilizokwisha au foleni isiyosonga, usimbebeshe sista, mwandikie mkuu wa kituo. Na kama ulidanganya kwa hasira, rudi ukaseme. Kuna binti wa watu ambaye hatalala mpaka jambo hilo limalizike.

Ombi letu la mwisho ni kwa wenye misikiti, makanisa na vyama vya wenyeji wa Kivu, wa Burundi na wa pwani. Katika kila jumuiya chagueni mtu mzima mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wanaojua Kiswahili, Kizulu na Kiingereza, na wanaojulikana kwa kutunza siri. Waende na wagonjwa kliniki kama wakalimani. Wawasaidie wanaotaka kuandika pongezi, na wanaotaka kuandika kiapo. Wasipokee hata senti moja kwa mgonjwa. Nauli yao ichangwe na jumuiya. Kina nani kwenu wanafaa? Watajeni Ijumaa hii au Jumapili hii, kisha muwapeleke mkawatambulishe kwa msimamizi wa kliniki iliyo karibu nanyi, ili sista ajue pa kuwaita.